Shule Iliyoshika Namba Moja

Mzee wangu Mihayo,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, najua, lakini mdomo umezoea.

Tulipokuzika ardhi ilikuwa kavu, vijana walichimba kwa taabu. Sasa mvua zimeanza, ndiyo maana nimeshindwa kungoja moyo utulie kwanza ndipo nikuandikie.

Kiti chako cha ukaguzi wa shule kimepata mtu, mkubwa mpya aliyeletwa kutoka mbali. Ni mpole, huongea taratibu. Mimi namwogopa kuliko wote waliokuwa wakikufokea wewe.

Kazi yake ya kwanza alinipa mimi: nizipime shule za vijiji vipya, kuanzia hapa Tabora mjini hadi Usoke, niseme zipi watoto wanajifunza na zipi hawajifunzi, ili fungu la mwaka ligawanywe kwa haki. Nilifurahi, Mzee. Nilijiambia, hii ndiyo kazi uliyonifundisha.

Unakumbuka yule mtoto aliyetusomea ukurasa mzima bila kukosea, kumbe kitabu kakishika kichwa chini miguu juu? Ulicheka, ukampigia makofi, ukamgeuzia kitabu polepole asione haya. Halafu ukanirudisha kwa gari hadi hapa Mtendeni. Pale mlangoni kwangu ndipo uliponiambia, "Zuhura, yule hana kosa. Tumemfundisha kutufurahisha."

Nimemkuta tena. Safari hii ni darasa zima.

Ni shule ya kijiji kipya, porini, kusini ya reli. Watu wamehamishiwa pale kabla nyumba hazijaisha. Kwenye karatasi za ofisi shule hiyo ndiyo inayoongoza, kila mtoto anasoma. Nilikaa dawati la nyuma kama ulivyozoea wewe. Walisoma kwa sauti moja, vizuri mno. Nikawaomba wafungue ukurasa unaofuata. Kimya. Na katika kimya kile nikasikia kitu kinatafuna juu yangu. Mchwa, Mzee. Mapao ya paa yote yameliwa. Unga wa mbao ulikuwa ukidondoka juu ya vichwa vya watoto, nao wanaupangusa tu kwa mkono, kama mtu anavyofukuza nzi.

Mwalimu wao anaitwa Tatu, binti mdogo aliyetoka chuoni juzi. Madarasa yote anayafundisha peke yake. Vitabu havikufika. Mabati na saruji vilivyotolewa kwa ajili yao viliishia kwenye shule iliyo kando ya njia kuu, ile njia ya misafara ya zamani, ambako wageni wakipita wataona ukuta mweupe. Alinisindikiza hadi kituo cha treni na hakulia.

"Mama," aliniambia, "ukiandika tumeshindwa, watasema hatustahili kusaidiwa. Ukiandika tumefaulu, watasema hatuna shida. Sasa andika unalolijua."

Niliandika ninalolijua. Kwamba watoto hawasomi, na sababu yake si watoto. Kwamba paa lile halitamaliza masika.

Mkubwa aliisoma ripoti yangu yote mbele yangu. Akavua miwani.

"Bi Zuhura, pole sana na msiba," akasema. "Hii imeandikwa na mtu mwenye huzuni. Nenda nyumbani ukapumzike."

Niliporudi kazini nilikuta ripoti nyingine imeshapigwa chapa. Jina lililoko chini yake ni langu. Shule ya Tatu imeshika namba moja wilaya nzima, na kwa kuwa inajitegemea vizuri hivyo, fungu lake limepunguzwa wapewe wanyonge.

Tangu siku hiyo pale ofisini wananisalimia bila kuniangalia. Mmoja tu alininong'oneza tukiwa ukumbini, "Dada, una watoto. Nyamaza."

Ningenyamaza, Mzee. Namwomba Mungu anisamehe, lakini nadhani ningenyamaza. Ila jana Tatu alinitumia salamu kwa dereva wa lori la tumbaku. Pao moja limepasuka kwa mvua ya kwanza, wanakijiji wakaliwekea nguzo katikati ya darasa. Mwenyekiti wa kijiji ameamuru nguzo iondolewe. Inaharibu sura. Kesho wanapokea wageni wanaokuja kuiona shule ya mfano, na watoto wote watapangwa mle ndani waimbe, na mama zao nyuma.

Leo tangu adhuhuri wingu limejaa upande wa Usoke, kule kwa Tatu. Jeusi, na halisogei. Majirani hapa Mtendeni wanashukuru, wanasema mahindi yatapona. Mimi nimekaa barazani nimeshindwa hata kumenya viazi.

Ungekuwepo ungekwenda wewe, nao wangekusikiliza, kwa mvi zile na sauti ile. Mimi sina mvi. Sina hata ruhusa ya safari, sijaiomba.

Ulale, Mzee wangu. Udongo wa kwetu ukuhifadhi vizuri, na mkeo hatakosa mtu wa kumtekea maji, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Nimeshawapeleka watoto kwa dada yangu. Napanda treni ya alfajiri. Nikifika kabla ya wageni, nitasimama kwenye mlango wa lile darasa, wanisukume, wanifunge, waniite kichaa mbele ya kijiji kizima, na nakuahidi, hatapita mtoto.

Nikifika kabla.

Mwanafunzi wako,
Zuhura