Dawa Zako Zinarudi Kama Zilivyo

Mama, shikamoo.

Zile dawa za maumivu, diklofenaki, ulizonifungia kwenye leso sijazigusa. Leo kwenye mbio tumekimbia kutoka Bigwa kupanda milima ya Uluguru, jua kali mpaka jasho likanikaukia usoni likawa chumvi. Wenzangu walimeza zao kabla ya kuanza, eti wayawahi maumivu. Nikakataa, wakaniita mbishi. Nikawaambia jua na kiu vinazichosha figo, na dawa hizo zinaziongezea mzigo. Goti liliniuma kweli. Nikatembea, nikanywa maji, nikala ndizi, nikafika wa mwisho. Sijutii.

Nawe, Mama, acha kuzimeza kila ukienda kulima juani. Ukichoka, kaa kivulini, shamba halikimbii. Nataka nikirudi nikukute na figo zako zote mbili.

Mwanao mbishi,
Rehema