Matundu Niliyoyaona Siku ya Kukuosha

Rukia, shoga yangu,

Sianzi na salamu, maana hata ulipokuwa hai salamu zangu ulizikatiza. Ukifika tu kibandani, mkoba hujauweka chini, ushasema, "Niambie." Haya, leo nakuambia. Ni mambo ya mdogo wako Salma na ni mambo yako wewe, na mengine nimeyabeba peke yangu tangu tulipokuzika.

Kibanda chetu cha Mtaa wa Kongo kipo palepale. Upande wangu madera, upande wako vigodoro, zile kaptura za sponji zinazomfanya mtu aondoke Kariakoo na hipsi ambazo hakuja nazo. Salma ndiye anayekaa upande wako sasa. Na yule mdoli wako mwenye makalio kama masufuria mawili, uliyempa jina la Mke Mwenza, bado tunamtoa nje kila asubuhi. Nilitaka kumbadilisha jina, nikashindwa. Nikimvuta kumtoa stoo nakusikia kabisa: "Mke Mwenza, umeamkaje? Mume kaacha hela?" Muuza mihogo wa pembeni mpaka leo akikumbuka anacheka. Mimi hugeukia ukutani kidogo, halafu naendelea kutundika nguo.

Nimekukumbuka, Rukia. Sina maneno ya kupamba hapo. Wateja wakipungua nageuka nikuonyeshe mtu aliyevaa vituko, namkuta Salma na simu yake. Chai ya rangi siku hizi siimalizi, maana nusu ya kikombe changu ilikuwa yako na mwili umeshazoea. Naimwaga mtaroni.

Ulikuwa unasema, "Mimi nauza uongo kutwa nzima, Mwana. Na mimi siku moja niwe na ukweli." Tunacheka. Ukanionyesha picha za wanawake waliotolewa mafuta tumboni yakahamishiwa makalioni, ukawa unazikuza kwa vidole viwili, unakagua kama unavyokagua mshono. Nikakuuliza hilo umbo lako linakusumbua nini. Ukanijibu, "Halinisumbui, ila halinisalimii." Loh, wewe mwanamke! Wallahi sikujua kama ulikuwa umeshapanga na siku. Uliniaga unakwenda Tanga kwenye harusi ya binamu yako, ukaniachia ufunguo. Kesho yake mama yako akapigiwa simu na mtu asiyemjua. Rukia ameanguka, presha, njooni.

Presha. Ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo msiba wote ulivyoambiwa.

Tulikuosha nyumbani kwenu Buguruni, mimi na shangazi yako na Bi Zena, yule mwoshaji wa mtaani kwenu. Shangazi alikuwa anamimina maji huku analia, macho hayaoni. Mimi nimeviringisha kitambaa mkononi, napitisha chini ya khanga iliyokufunika, taratibu, nikiogopa kukuumiza. Kitambaa kikanasa. Juu ya nyonga palikuwa na katundu kadogo, kameshonwa kwa uzi mweusi. Kengine upande wa pili. Kengine chini ya kitovu. Na ngozi imevilia damu mpaka mapajani. Sikumuuliza mtu, zile picha za kwenye simu zilinijibu zenyewe. Bi Zena akanitazama, akaiweka khanga vizuri, akasema polepole, "Tulichokiona kinaishia hapahapa."

Na ulikuwa wa baridi. Nyie kwenu mna ugomvi na maji ya moto tangu utoto, ukoo mzima. Yakizidi kidogo tu utasikia makelele bafuni, "Mnanipika!" Siku ile nilikuwa nasubiri useme hivyo. Wallahi nilisubiri.

Adabu ya kuosha unaijua. Mwoshaji akiona kitu kwenye mwili wa maiti, anakisitiri. Kwa hiyo nikakaa nacho. Watu wakiniuliza, "Jamani, presha kwa umri ule?" nawajibu, "Kazi ya Mungu," nakata vitunguu vya pilau ya arobaini.

Sasa sikia. Siku moja Salma akanijia kibandani na simu yako mkononi. "Da Mwana, nimekuta kitu kwenye simu ya dada." Picha zilezile. Na namba ya mwanamke anayefanya kazi hiyo kwenye nyumba ya ghorofa isiyo na hata kibao cha hospitali, nikajua ndiko ulikokwenda. "Masikini dada," akasema, "alitaka kutengeneza umbo, hakuwahi. Mimi nimeshaongea na huyu mama, nafasi ipo. Nitafanya kwa niaba yake." Anatabasamu, na machozi yanamlengalenga. Nilimshika Mke Mwenza mguu ili nisianguke.

Nifanyeje hapo, mwenzangu? Nikisema, nimekuvua nguo mbele ya watu. Nikinyamaza nitamwosha na yeye.

Nikaenda Buguruni kwa Bi Zena. Nikamkuta anachambua mchele, hana hata muda wa kuniangalia. Nikamwambia yote. Akauliza, "Sitara ni ya aibu. Wewe pale uliona aibu gani?" Akatoa kijiwe kwenye mchele. "Mimi niliona jeraha," akasema. "Na si la kwanza kuliona katika kazi hii. Nenda kamwambie huyo mtoto, na usimwambie mwingine." Kisha akanifukuza, ana wageni.

Nilimwambia Salma stoo, tumekaa juu ya marobota. Akaniita muongo. Akapiga robota kwa ngumi mpaka vumbi likatutoka puani. Halafu akasimama mbele yangu, akasema, "Nionyeshe yalikuwa wapi." Nikamgusa kwa kidole juu ya nguo. Hapa, na hapa, na hapa. Alilia, Rukia, sijawahi kumwona mtu analia vile akiwa amesimama wima. Ile namba akaifuta mbele yangu.

Nikajua yameisha. Kumbe mdogo wako simjui! Haukupita muda akaja tena. "Da Mwana, mimi bado nataka. Ila nataka kwa daktari wa kweli, na wewe twende wote ukamuulize yale ambayo dada hakuuliza." Nilimporomoshea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, wewe ungeyafurahia. Nikamwambia ana akili za Mke Mwenza. Naye ananisubiri nimalize, vilevile kama wewe. Baadaye nikiwa peke yangu nikafikiri: nikimkatalia, naye atapata harusi yake ya Tanga. Nikakubali kwenda. Kwenda tu, nikamwambia.

Daktari ni mwanamke, mtu mzima, kwenye hospitali moja upande wa Posta. Nilikwenda nimekunja sura, natafuta kosa. Akamlaza Salma ubavu, akampaka ile jeli ya baridi kwenye kalio, akaweka mashine ya altrasaundi, ileile wanayomwangalizia mtoto tumboni. Akatuonyesha kwenye kioo. Huu mkanda wa juu ni ngozi. Haya chini yake ni mafuta. Halafu kuna mstari mweupe, mwembamba, unakatiza kioo chote. "Chini ya mstari huu ni msuli," akasema, "na huko ndani kuna mishipa mikubwa ya damu. Mafuta nayaweka juu ya mstari. Siuvuki."

Nikamuuliza atajuaje kama hajauvuka, na mkono uko ndani ya mwili wa mtu. Hakukasirika. Akasema ndiyo maana mashine hii inabaki imewekwa muda wote anapoingiza mafuta, anaona ncha ya mrija ilipo, na akiipoteza kwenye kioo anasimama mpaka aione tena. Mrija wenyewe akautoa tukauona. Wa chuma, mnene, ncha butu, haupindi. Mwembamba unapinda ukiwa ndani, unakwenda usikokujua. Na mafuta anayasukuma huku mrija unatembea, hautulii mahali pamoja, wala hauelekei chini. Na yuko mtu wa dawa ya usingizi ambaye kazi yake ni kumwangalia mgonjwa tu, pumzi na mapigo ya moyo, mwanzo mpaka mwisho.

"Na ukiuvuka?" nikamuuliza. "Kuna jirani yangu…" Jina lako sikulitaja. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema mshipa ukitobolewa, mafuta yanaingia kwenye damu, yanakwenda moyoni na kwenye mapafu, na hapo hata daktari hodari anakuwa na muda mdogo sana. Mgonjwa amelala, hasikii kitu. Akasema, "Pole kwa jirani yako." Nadhani alijua.

Hukusikia kitu, Rukia. Nilitaka sana kulijua hilo, na sikuwa na wa kumuuliza.

Niliporudi kukaa, macho yangu yalikuwa bado kwenye ule mstari. Mwembamba kama uzi. Wewe uliyekuwa unaona mshono uliokwenda upande kutoka ng'ambo ya barabara, ungeuona mara moja. Ungewaambia, "Hapo umepitiliza, fumua." Ila hakuna aliyekuwekea kioo. Nilitamani nikushike mkono nikuvute mpaka kwenye kile kiti, nikukalishe uangalie.

Daktari hakutuahidi kuwa haina hatari. Alisema hatari ipo, kazi yake ni kuibana. Kisha akapima damu ya Salma, akakuta iko chini, akaturudisha nyumbani. Ile namba uliyokuwa nayo wewe ingempa nafasi wiki hiyohiyo. Basi mtoto nikamlisha maini na matembele mpaka akaanza kunikimbia mchana. Tuliporudi damu imepanda, daktari akamwambia pia kwamba ataweka kidogo, si kama za kwenye picha. Akanuna. Mimi nikafurahi.

Na mama yako alijua safari hii. Salma alimwambia mwenyewe, alisema hataki kuondoka kwa uongo. Mama alimsusia siku nzima, jioni akaniletea supu ya kuku nimwekee. Habari yako hajaniuliza, nami sijamwambia. Lakini siku hizi akinishika mkono hauachii haraka.

Siku yenyewe nilikaa kwenye benchi nimekumbatia khanga yako, ile ya kijani uliyosema nimeiiba. Nimeiiba, ndiyo. Kila mlango ukifunguliwa nainua kichwa. Alipita nesi anakimbia, nikasimama, kumbe anafuata chai. Nilikuita kwa jina, kwa sauti, watu wakanigeukia. Nikasema, "Rukia, simama naye." Halafu nikaona haya, nikakaa.

Daktari akatoka ameshusha barakoa. "Ameamka. Anaulizia chipsi mayai."

Nilimchukua nikamweka chumbani kwangu Msimbazi. Haruhusiwi kukalia makalio, analala kifudifudi, anakula kifudifudi, anauza kwa simu kifudifudi. Kila mtu pale Kongo anajua, maana kawatangazia mwenyewe. Siku ambayo daktari alimruhusu kuoga, hakuweza kuinama. Nikapasha maji, nikachanganya kwenye ndoo, nikaviringisha kitambaa mkononi. Yeye kasimama, kaegemea ukuta wa bafu, kanipa mgongo.

Nikaanza mabegani. Nikashuka. Kitambaa kikanasa.

Juu ya nyonga, Rukia. Katundu kadogo, kameshonwa. Upande wa pili kengine. Palepale. Mkono wangu ukaganda, sikuweza kwenda mbele wala kurudi, nikawa nimerudi Buguruni kabisa, namsikia shangazi yako analia.  Kilichonirudisha ni ngozi. Ilikuwa ya moto. Chini ya kitambaa inapanda na kushuka, mtoto anapumua. Nikachota maji nimmiminie, na kwa kuchanganyikiwa nikachota kwenye sufuria la maji ya moto badala ya ndoo.

"Da Mwana! Unanipika!"

Nilikaa chini pale bafuni, kopo mkononi, nguo zote zimelowa, nikalia mpaka Salma akaogopa. Akawa ananiuliza, "Nimesema nini? Da Mwana, nimesema nini?"  Nilikuwa nimeisubiri kauli ile tangu siku yako.

Haya, shoga yangu, niache nikafungue kibanda. Sitara yako bado naishika, na jina lako halitatoka mdomoni mwangu. Ila nakuahidi hili: msichana yeyote atakayekuja kushikashika kigodoro huku anaangalia zile picha, nitamvuta stoo, nitamkalisha juu ya robota, nitamfundisha maswali ya kuuliza. Utaonaje mrija uko wapi? Msuli uko wapi, na utauvuka? Nani anaangalia pumzi yangu? Asipojibiwa, avae viatu aondoke. Na Salma nitamwangalia kama ambavyo ungetaka nimwangalie.

Lala pema, Rukia. Mimi yangu yote nimekuambia leo, sijakuficha hata moja. Siku tutakapoonana, zamu itakuwa yako. Sitakupa hata salamu. Nitasema tu, "Niambie," na wewe utaanzia pale uliponiachia ufunguo.

Shoga yako,
Mwana