Kadi ya Salamu na Obokano ya Kaka

Jumatatu, 12 Februari 1996

Kuanzia Suneka mpaka Ekerenyo hakuna wa kunishinda kupiga obokano. Hakuna! Nyuzi nane, vidole kumi, wamama wanalia.

Haya. Hapa hasomi mtu. Sijawahi kupiga hata uzi mmoja. Obokano ilikuwa ya kaka yangu, Mungu amlaze. Sasa imetundikwa kwa makumbusho ya Persis, binti yake — chumba kimoja nyuma ya duka la Prakash, hapa mjini. Kuna vibuyu, kigoda, mikuki miwili na mimi. Kazi yangu kueleza wageni. Wageni wenyewe wako wapi?

Leo Prakash amesema kitabu cha wageni kisipojaa kufikia tarehe nne Machi, chumba anaweka magodoro. Si mtu mbaya. Magodoro yana wateja tu.

Alhamisi, 15 Februari

Nimesaidia. Nimejaza majina kumi na moja kwa kitabu, mengine kwa mkono wa kushoto. Persis, anayeniita Tata kama baba yake, akasoma, akaweka kidole.

"Tata, huyu tulimzika Desemba."

Nikasema basi alipitia kuaga.

Hakucheka. Baadaye nilimsikia kule nyuma akicheka peke yake.

Halafu akaleta akili yake ya ualimu. Kadi za salamu! Nani hasikii salamu redioni? Hata wachuma chai hubeba redio shambani. Ameandika: salamu kwa wote Kisii na Nyamira, na swali — nyanya yako alikuimbia wimbo gani ukikataa kulala? Leta jibu makumbusho, tulibandike ukutani na jina lako.

Nikatumwa posta. Chini ya kadi kulibaki nafasi. Mimi sipendi kitu kipotee bure.

Jumatano, 28 Februari

Wamesoma! Bosibori wa ndizi aliongeza sauti ya redio mpaka mbuzi wakageuka. Salamu, swali la nyanya, halafu — na Jumapili tarehe tatu, saa nane, Mzee Okemwa mwenyewe — ndiye mimi, kwa mwandiko wangu — atapiga obokano.

Bosibori akauliza kama vidole bado vinafanya kazi. Nikamwambia amuulize mke wangu.

Persis alinishika mkono, machozi yanamlenga. Ati alidhani niliapa kutoigusa tena. Hata yeye anaamini!

Ni mambo ya rafiki yangu Mogire. Mwaka wa sitini na nane wazee wa kanisa letu la Wasabato walivamia pombe ya watu, usiku, wakifuata sauti ya obokano. Mogire, aliyekuwa akipiga, akaitupa magotini kwangu, akaruka dirisha. Alikuwa na mke mpya, na ubatizo wa juzi — nikasema nilikuwa napiga mimi. Nikatengwa na kanisa miezi mitatu. Tangu hapo mimi ni mpigaji aliyeapa kuacha. Na Mogire leo ni mzee wa kanisa.

Ijumaa, 1 Machi

Majibu ishirini na sita! Mtu wa Ekerenyo ameandika wimbo, wa Kiogoro ameandika chini yake kwamba si hivyo, nyanya wa Ekerenyo alikuwa na usingizi. Wa tatu anawatukana wote. Watu wanarudi kusoma kama wamejibiwa. Ukuta umekuwa baraza.

Nimejaribu obokano mlango ukiwa umefungwa. Paka alitoka kwa dirisha.

Jumapili, 3 Machi

Wamejaa mpaka barabarani. Kitabu kimeisha, Persis anashona karatasi kwa uzi. Prakash ameleta mabenchi, na mamake, Lalita, ameketi mbele kabisa na anauliza huyo mpigaji yuko wapi. Wa Ekerenyo wanasema wakidanganywa watafuta majina yao, kila mtu lake. Na Prakash anahesabu kesho.

Nikasema naenda kukata kucha.

Niko kwa Mogire, nyuma ya soko. Nimeketi nje, naandika. Anakula. Namsikia anatafuna polepole makusudi. Obokano nimeifunga kwa shuka. Anajua ni nini. Mkewe alipofungua mlango aliniambia mzee wa kanisa hapigi vitu kama hivyo. Sawa, mama, lakini mbona migombani kwenu jioni nasikia nyuzi?

Ametoka. Anafuta mikono kwa suruali, anaangalia shuka. Nimemgeuzia daftari asome mwenyewe, hapa, mstari huu:

Mogire, leo si Sabato. Kule makumbusho kuna pazia, utapiga nyuma yake, hakuna atakayekuona. Ule usiku nilikukopesha jina langu, sijawahi kulidai. Leo nikopeshe vidole. Wimbo mmoja tu.