Ulanzi Uliolala na Mbio za Jenerali

Jumapili, Makambako. Mvua haijakatika tangu alfajiri, nami sikwenda kanisani. Nimekaa na daftari hili kwa sababu kuna jambo silielewi, na jambo nisilolielewa huwa haliniachi nikapumzika.

Jana Jenerali alishinda mbio. Ni farasi wa bwana mmoja Mzungu mwenye shamba huku, na mimi ni saisi wake: namlisha, namsugua, na chumba changu kimepakana na banda lake. Anayemfundisha kukimbia ni Bwana Warsame, Msomali, mtu wa maneno machache na kanzu safi.

Hata hatujamaliza kushangilia, daktari wa mifugo akamfungua farasi mdomo, akanusa. Akanusa tena. Akawaita wenzake wa kamati ya mbio.

Pombe.

Kanuni zao zinakataza farasi wa mashindano kupewa kitu chochote cha kumtia nguvu au kumlegeza. Karani alitusomea kwa Kiswahili. Ushindi ukafutwa palepale, na Bwana Warsame akafungiwa mwaka mzima asifundishe farasi wa mashindano. Alipoulizwa, alisema hajui habari ya pombe hiyo. Wakamjibu kwamba kujua au kutojua si hoja, farasi yuko mikononi mwake.

Nilikuwa nimesimama hapohapo, nimeshika hatamu. Nikamrudisha Jenerali bandani.

Aliyempa ni mimi. Ijumaa Jenerali alirudi mazoezini amelowa chapachapa, anakohoa. Kwetu Njombe mtu akifika na baridi namna hiyo unampa ulanzi mbichi, yale maji ya mianzi yaliyogemwa asubuhi, matamu, hata watoto wanakunywa. Jenerali akaupenda mno. Basi jana kabla ya mbio nikampa uliobaki, wala sikuuonja. Mbena mzima, nimezaliwa kwenye mianzi, nasahau kwamba ulanzi ukilala unakuwa pombe! Upumbavu mtupu.

Na bado najiuliza: alishinda kwa miguu yake au kwa ulanzi? Maana mimi nikinywa uliolala, hata mlango siuoni.

Leo mchana nilikwenda kwa Bwana Warsame. Nilimkuta anafunga mizigo. Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo limeniumiza zaidi. Aliniuliza tu, "Mlowe, alikohoa tena baada ya kunywa?"

Nikasema hapana, bwana.

"Afadhali," akasema, akaendelea kukaza kamba.

Kisha akanikataza nisiende kwenye kamati. Anasema adhabu yake haitapungua hata siku moja, ila mimi nitafukuzwa kazi. Huenda ni kweli. Lakini sokoni leo nimesikia wanamwita mwizi wa mbio, na mtu yule hajaiba kitu.

Wanakamati wanaondoka kesho baada ya chai. Nitawahi kabla hawajapanda gari. Naogopa, sifichi. Kanuni yao imemfungia mwaka mzima asiyejua. Mimi ninayejua, itanifanya nini?