Jogoo wa Ras Mnada

Jumatano, 5 Juni

Sala ya asubuhi, kisha kukamua ng'ombe. Ukungu umeshuka kutoka Mlima Meru mpaka ndani ya migomba yetu. Nimempelekea mdogo wangu Anaeli uji wa maziwa. Amemeza vijiko vichache, kwa machozi. Uvimbe wa koo umeimaliza sauti yake. Umebaki mnong'ono, nao ni lazima umwinamie ili uusikie. Madaktari wametuambia tumtunze nyumbani. Tumeelewa.

Mjini Arusha wanamwita Ras Mnada hata leo. Wengine walipokuwa wakizicheza tu santuri za rege, yeye alikuwa wa kwanza huku kwetu kushika kipaza sauti na kughani juu ya mdundo wake, kwa Kiswahili na kwa Kimeru. Kanda zake zilifika Moshi, zikafika Nairobi. Wengi wanaolitaja jina hilo hawajui lilikotoka. Lilitoka kwenye uwanja wa kanisa letu, hapa juu ya Tengeru. Alipokuwa kijana ndiye aliyenadi sadaka baada ya ibada: ndizi, mayai, kuku, vitu vya wale wasio na fedha ya kutia kapuni. Alinadi kwa mdundo. Watu walinunua wakicheka.

Ijumaa, 7 Juni

Mchungaji amenieleza wazi. Anaeli hajashiriki Meza ya Bwana tangu alipofuga rasta. Asipotubu mbele ya usharika na kurudi kundini, kanisa halitamzika. Hakuna kengele. Hakuna mchungaji kaburini. Mchungaji ni kijana mpole, wala hakusema kwa ukali. Ndio utaratibu, nami ni mzee wa kanisa, naujua.

Baba na mama walizikwa kwa kengele. Sitaki yeye ashuke kaburini kama mtu asiye na kwao. Sina ombi jingine mbele za Mungu kwa sasa.

Nilipomweleza, alikubali kurudi. Kisha akanivuta kola ya koti, akanong'ona: "Kaka, dhambi ninazo, na nitazitubu. Ila kipaza sauti hakimo."

Nimeogopa.

Jumamosi, 8 Juni

Wageni kutoka Sakina, mjini. Mafundi magari wawili, nao wamefuga rasta, ndevu zimekuwa nyeupe. Zamani walikuwa wakimbebea spika. Wamenisalimu kwa adabu: "Shikamoo, mzee wetu." Mmoja akamgeukia mgonjwa: "Ras, umekonda kama waya wa spika!" Anaeli akamwashiria ainame. Sikusikia alichoambiwa, ila yule mtu alicheka mpaka akashika ukuta. "Ananiambia mimi ndiye spika yenyewe, kwa hili tumbo!"

Walipokwenda nje, niliwaona wakilia nyuma ya zizi.

Jumapili, 9 Juni

Tumemfikisha kanisani kwa kumshika mikono. Alikuja na jogoo wake mwekundu kuwa sadaka ya shukrani. Akasimama mbele ya usharika. Mchungaji akamuuliza kama anazitubu dhambi zake. Aliinamisha kichwa kukubali. Kama anamkataa Shetani na kazi zake zote. Aliinamisha tena, machozi yakimtoka. Nilianza kumshukuru Mungu.

Ndipo Mzee Zakaria alipoinuka katika benchi la wazee. "Na ule muziki, Mchungaji? Aukane pia, watoto wasikie."

Mchungaji akasita. Akauliza. Anaeli akatikisa kichwa kukataa. Akaulizwa mara ya pili, kwa upole. Akatikisa kichwa.

Kitabu cha ibada kikafungwa. Shauri limerudishwa kwenye Baraza la Wazee.

Nje, baridi, manyunyu. Mnada ulikwenda bila uhai. Watu walitaka kwenda kula. Alipofikiwa yule jogoo, hakuna aliyempandisha bei. Anaeli akainuka kwenye kiti, akamchukua, akamwinua juu, akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Watu wakatazama chini.

Akanivuta kola. Akanong'ona. Nikayasema maneno yake kwa sauti kama alivyonipa: "Jogoo huyu hana saa, lakini hachelewi ibada!" Akanong'ona tena. "Mchungaji akipitiwa na usingizi, huyu atahubiri!" Kicheko. Tena. "Msimwachie Zakaria! Meno yamembaki mawili, na huyu ana misuli!" Zakaria mwenyewe alicheka. Bei ikapanda, ikapanda tena. Mimi, ambaye sijawahi kupaza sauti katika uwanja ule, niliona mguu wangu unapiga mdundo. Mkono wa mwisho kuinuka ulikuwa wa Mchungaji. Jogoo ni wake.

Mkono wa Anaeli ulikuwa bado kwenye kola yangu. Ulikuwa wa moto.

Jumanne, 11 Juni

Anaeli amefariki alfajiri. Nilikuwa nikimsomea zaburi. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Nimeyaandika maneno haya. Bado sijaweza kuyatamka.

Baraza limekutana jioni kwa dharura. Ndugu wa anayejadiliwa hutoka nje, hivyo nilitoka. Nilikuwa na neno moja tu la kuwaambia, yaani mahali alipojifunzia kughani, nami nikakaa nalo kwenye ngazi ya kanisa. Hawakuafikiana.

Jogoo wake walimpokea siku ile ile. Yeye wanamjadili.

Alhamisi, 13 Juni

Tumemzika kando ya baba, kwenye migomba. Kengele haikulia. Niliomba mimi, kama kaka. Mchungaji alikuja bila joho, akashika koleo kama majirani wengine. Zakaria naye alikuja, akasimama mbali.

Watu wa Sakina waliniomba ruhusa ya kupiga santuri moja. Nikakubali. Walipiga upande wa nyuma, wenye mdundo mtupu usio na maneno, ule ambao yeye alikuwa akiujaza kwa maneno yake. Tulisimama tukimngojea aanze. Ukaisha hivyo hivyo.

Jumapili, 16 Juni

Nimeamka kabla ya mwanga. Uji nimeupika mwingi mno, kwa mazoea. Mlima uko wazi leo, mweusi, bila wingu.

Nilipopiga magoti kusali, jogoo mwekundu aliwika upande wa nyumba ya Mchungaji. Nilinyamaza mpaka alipomaliza.