Kaka Yako Alipokuja Liuli Kukuchukua

Binti Joni, rafiki yangu,

Watu wa Liuli bado wanakuita hivyo. Jina la Sigridi liliwashinda wagonjwa, ndipo ukawaeleza kwamba kisiwani kwenu, Aisilandi, watu hawana jina la ukoo. Mtu ni binti au mwana wa baba yake, basi. Kinamama wodini wakacheka: "Kumbe nesi huyu wa kwetu!"

Wodi ya wazazi nimebaki nayo peke yangu. Mkunga waliyemleta baada yako kaacha kazi, kafungua duka la dawa Mbinga mjini. Siku hizi ndivyo mambo yalivyo. Hata kwetu Maguu ghala la ushirika limefungwa. Kahawa wananunua watu binafsi, wanakuja na malori yao. Jioni nachemsha chai, nakunywa mwenyewe. Sina wa kunisimulia milima inayotema moto chini ya barafu, wala mkate unaofukiwa kwenye udongo wa moto ukaiva bila kuni. Nilikuwa nakubishia. Natamani nikubishie tena.

Kaka yako Einari alikuja. Alishuka melini, akasimama ufukweni mwa ziwa akiangalia dagaa wetu, usipa, walioanikwa kwenye vichanja. Akamwambia padri, naye akanitafsiria, kwamba kwenu pia samaki huanikwa kwenye miti, ila miti yenyewe hamna, mnaokota inayoletwa na bahari.

Halafu akatoa kibali. Amekuja kukuchukua.

Nilikataa. Nilimwambia ulifia mikononi mwangu kwa malaria, ukazikwa na sisi watu wako wa hapa, na kijiji kizima kililia. Hakubisha. Alisema tu, "Baba yetu alikwenda kuvua, bahari haikumrudisha. Mama ana kaburi lisilo na mtu. Ameomba apewe mtoto wake."

Ee, Binti Joni! Ulinisimulia watu wa Denimaki waliowatawala, na wazee wenu wa kale waliotunga sheria uwandani, penye miamba. Habari ya baba yako hukuniambia.

Nikakubali. Walipokufukua nilikuwepo. Nilikufunga kwa khanga yangu ya njano. Einari alishika upande mmoja, mimi mwingine. Lori lililokubeba likapanda kuelekea Mbinga. Sikupunga mkono. Nilirudi kwenye zamu.

Sasa nikipita makaburini sijui nisimame wapi.

Mama yako ameandika. Anauliza huku ulikuwa unakula nini, na kama ulikuwa unacheka. Nitamjibu, padri atatafsiri. Nitamwambia ulivyokula ugali kwa samaki wa ziwani, mbasa, ukilamba vidole, na ulivyowaamkia watoto wadogo "Shikamoo" mpaka wakakukimbia. Sitaacha kumwandikia, nakuahidi, mpaka amjue vizuri mwanawe aliyemzika huko.

Padri anasema majira haya kwenu jua huchungulia kidogo tu, likazama. Lala basi, rafiki yangu. Kwaheri.

Wako,
Agata