Shukrani Ambazo Nakiru Hakuzitoa

Akai mjukuu wangu,

Ejok? Hapa Lodwar tu wazima, na mbuzi wako mweupe amezaa.

Umeniuliza, kabla hujaja Kakuma na wanafunzi wenzako kuzungumza na kina mama kuhusu uongozi, kama niliwahi kusema barazani. Nilisema, na naona haya hadi leo.

Nilikuwa msichana wa shule, nikiwatafsiria wageni wa mradi wa maji hapo Kakuma. Wanaume walikaa mbele kwenye vigoda vyao, wanawake nyuma mchangani. Mama mmoja, Nakiru, akasimama akasema kwa Kiturkana: "Maji tunachota sisi, lakini kisima kimechimbwa mlangoni kwa mzee huyu bila sisi kuulizwa."

Mzee huyo alikuwa baba yangu mdogo. Nikawaambia wageni kwa Kiswahili, "Anawashukuru kwa kuja."

Wakampigia makofi.

Baraza lilipokwisha, Nakiru akanijia. "Kiswahili nakijua, binti yangu," akasema kwa Kiswahili. "Nilisema Kiturkana ili wazee wetu wasikie. Wageni nilikuachia wewe."

Bado yuko Kakuma. Ukija, mwulize yeye mwenyewe, umwache amalize. Mimi nitakuja nawe, nikae nyuma, mchangani.

Nyanya yako